Ngozi inayobaki baada ya kupungua nayo ni afya, iandikeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Ukurasa wa afya wa Jumapili ulikuwa na habari ya dada mmoja aliyepunguza mwili, na picha zake mbili ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni mnene, ya pili amevaa jinzi na shati la mikono mirefu, anacheka. Nimemfurahia na ninamwombea afya njema. Lakini habari ile imekomea kwenye mizani. Mtu aliyepungua kiasi kile huwa na jambo jingine chini ya shati, na tangu nianze kusoma gazeti hili sijaona mkiligusa. Nasema ngozi inayobaki ikining'inia baada ya mafuta kuondoka.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Ngamiani hapa Tanga, nashona nguo za kike. Nilifika kilo 128, sasa nina 76. Nilipoambiwa nina kisukari niliingiwa na hofu, maana mama yangu kisukari kilimkata mguu kwanza kabla hakijamchukua. Nikaacha soda na mandazi, wali nikaupunguza, na kila baada ya swala ya alfajiri natembea mpaka Raskazone na kurudi. Habari za kupungua zimeshaandikwa sana, sina la kuongeza hapo.

La kuongeza ni hili. Nikitaka kukaa kwenye cherehani, lazima kwanza niliinue tumbo kwa mikono miwili nilipange juu ya mapaja, la sivyo ukingo wa meza unalibana. Ni ngozi tupu, laini, ndani hamna kitu; ukiishika kwa vidole vya mbele unavihisi vya nyuma. Mikononi imeshuka kuanzia kwapani mpaka karibu na kiwiko. Mapajani inasuguana nikitembea. Na wanaokuja kwangu kupunguziwa nguo wana hali hiyo hiyo. Fundi huona yasiyoonwa na wengine. Mteja akishaingia nyuma ya pazia na kuvua gauni ili apimwe, hapo ndipo anaponiuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, na hii inaondokaje?"

Jibu la kweli ni kwamba kwa aliyepungua sana, sehemu kubwa haiondoki yenyewe. Ngozi ina nyuzinyuzi za kuipa nguvu na za kuivuta irudi mahali pake, ambazo wataalamu huziita kolajeni na elastini. Zikivutwa miaka mingi huharibika, na zikishaharibika hazirudi zilivyokuwa, kama mpira wa kiuno cha sketi uliovutika mpaka ukalegea. Mwenye umri mdogo, aliyekaa na unene muda mfupi, ngozi yake hujikaza kwa kiasi katika mwaka wa kwanza au wa pili. Aliyevuka miaka arobaini, aliyezaa mara kadhaa, anayevuta sigara, aliyepunguza kilo nyingi, huyo atabaki nayo. Urithi wa damu nao una lake: mtu na dada yake hupungua sawa, wakabaki na ngozi tofauti.

Mazoezi ya kunyanyua vitu vizito yanasaidia, na chakula cha kujenga mwili kama dagaa, maharage na mayai kinasaidia, kwa sababu misuli hujaza nafasi kidogo chini ya ngozi. Hata mimi mikono yangu imepata umbo. Lakini ngozi iliyozidi bado ipo. Wanaouza makopo ya krimu wakisema inakaza tumbo kwa mwezi mmoja wanakula pesa za watu. Singo naipenda, liwa naipenda, mafuta ya nazi nayatumia tangu utotoni. Yote hulainisha ngozi na kuipa harufu nzuri, hayaikazi. Kibaya zaidi ni krimu zilizochanganywa na dawa za steroidi, zinazouzwa bila karatasi wala maelezo. Dawa hizo zikipakwa muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta michirizi, yaani zinaongeza lile lile unalolikimbia. Na mikanda ya kubana tumbo mchana kutwa katika joto letu la msimu wa kaskazi inafungia jasho ndani.

Jasho ndilo linalonifanya niandike. Chini ya mkunjo wa tumbo, chini ya matiti, kwenye kinena, ngozi inalala juu ya ngozi. Hewa haipiti, unyevu haukauki, pande mbili zinasuguana. Huanza kuwasha, kisha inachubuka, kisha fangasi wanaingia, na mwenye kisukari fangasi humpenda zaidi. Mwaka wa kwanza baada ya kupungua nilikuwa na kidonda chembamba kirefu kilichofuata mkunjo wote, kutoka upande huu wa kiuno mpaka ule, kinatoa maji na harufu. Nilikuwa nashona nimesimama kwa sababu kukaa kuliniuma. Kituo cha kwanza nilichokwenda, mhudumu hakutaka hata nifunue; aliniambia nishukuru nimepungua. Nikarudi nyumbani na kidonda changu.

Aliyenisaidia ni muuguzi kijana mahali pengine. Alifunua, akatazama, akavaa glovu akaugusa mkunjo mwanzo mpaka mwisho. Akaniambia, "Mama, hapa hapatakiwi kulowa. Ukiweza kuweka pakavu, dawa itafanya kazi." Nilimwambia, "Mwanangu, Mungu akuweke." Nayaandika aliyonifundisha kwa sababu kuna mtu anasoma gazeti hili akiwa na kidonda kama kile na anaona haya kukisema.

Kuosha kwa maji na sabuni isiyo kali, bila dodoki wala kusugua. Kukausha kwa kugandamiza kitambaa taratibu, kisha kulala chali dakika chache, mkunjo umeinuliwa, feni inapiga. Dawa ya fangasi ya kupaka, mimi nilipewa klotrimazoli, mara mbili kwa siku, na kuendelea nayo kama ulivyoelekezwa hata baada ya muwasho kwisha, kwa sababu wengi huacha mapema ikarudi. Poda aliikataza palipochubuka, maana ikikutana na jasho inagandamana na kukwaruza. Ukiona usaha, au pamekuwa pa moto na panavimba, au homa imepanda, usikae nyumbani, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na sukari ipimwe, kwani ikipanda kidonda hakiponi.

La kitambaa nililiongeza mwenyewe kwa ufundi wangu, naye alipoliona alilikubali. Nachukua kanga ya zamani iliyofuliwa mpaka ikalainika. Nakata kipande chenye upana wa kiganja na urefu wa kuzunguka mkunjo wote, nakikunja mara mbili, na mshono nauelekeza nje ili usiguse ngozi. Hakuna mpira, hakuna lesi, hakuna kitambaa cha nailoni. Kinalazwa ndani ya mkunjo kunyonya jasho. Mchana nabadilisha, jioni nafua, naanika juani, napiga pasi ya moto. Nimewashonea wateja wengi na wengine wameniletea dada zao. Kwa mapaja nashona kaptula ya pamba ya kuvaliwa ndani ya gauni, inayofika juu kidogo ya goti. Hiyo imewaondolea wengi michubuko.

Kuna na maneno ya watu. Mwanamke wa mjini kwetu akipungua ghafla, uso ukashuka na shingo ikalegea, mtaa unaanza: "Ameukanyaga waya," yaani ana UKIMWI. Nimesemwa hivyo kisimani na nimesemwa hivyo harusini. Aliyepungua kwa jasho lake anaonekana mgonjwa, na uso wake unamzeesha miaka kumi. Mteja wangu mmoja, mwanamke mwenye heshima zake, alichoshwa na maneno na alichoshwa na kujitazama akioga. Akaamua kurudi kula, makusudi kabisa, ili ngozi ijae. Ikajaa. Presha nayo ikarudi, na sasa anameza vidonge alivyokuwa ameachishwa na daktari. Huyu hakurudi kwenye unene kwa ulafi wala uvivu. Alirudi kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema kwamba ngozi itabaki, na ilipobaki hakuna aliyemsaidia kuishi nayo. Nina uchungu naye mpaka leo.

Sasa nije kwenye upasuaji, maana upo, na watu wanaunong'onezana kama jambo la aibu. Daktari hukata ngozi iliyozidi kwa mkato unaopita chini ya tumbo, kutoka nyonga moja hadi nyingine. Upo wa kuondoa ngozi inayoning'inia peke yake, na upo unaokaza na misuli ya tumbo pia. Mtu hutakiwa uzito wake uwe umetulia kwa miezi 6 au zaidi. Aliyepungua kwa upasuaji wa kupunguziwa tumbo la chakula huambiwa asubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Anayetarajia kuzaa ni bora azae kwanza. Sigara huachwa wiki kadhaa kabla, na sukari iwe imeshikwa vizuri. Hatari zake si ndogo: maji kujikusanya chini ya kidonda, mshono kuachia, damu kuganda miguuni. Kovu litakuwepo maisha yote, na sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari kubwa zaidi ya kupata makovu yanayovimba na kukua. Mtu apewe yote hayo kisha aamue mwenyewe.

Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Mloganzila huweka puto tumboni kwa wanaohitaji kupungua, na upasuaji rekebishi unafanyika pia. Huo ni msaada mkubwa kwa nchi yetu, watu walikuwa wakienda India. Ila kadiri watu wanavyozidi kupungua, kwa puto, kwa sindano zinazotangazwa mitandaoni, au kwa miguu yao kama mimi, ndivyo wenye ngozi iliyobaki watakavyozidi. Nilipouliza bima yangu, nilijibiwa kuwa huo ni urembo na urembo haulipiwi.

Hapo sikubaliani nao. Anayetaka tumbo bapa la kuvalia gauni la kubana, sawa, ajilipie. Lakini kidonda kinachorudi kila mwezi kwenye mkunjo wa mgonjwa wa kisukari si urembo. Marekani, ambako bima ni biashara na haitoi senti bila kubanwa, kampuni nyingi za bima hutenganisha mambo haya mawili: ngozi ikiwa imeshuka mpaka usawa wa mfupa wa kinena, na rekodi za daktari zikionyesha vipele au vidonda visivyopona kwa dawa kwa miezi kadhaa, upasuaji wa kuiondoa unaweza kulipiwa. Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wanaopanga vitita vya matibabu chini ya sheria hiyo waweke kigezo kama hicho, kilichoandikwa, ili daktari akiandika "vidonda vya mkunjo, dawa imeshindwa", mhudumu wa dirishani asiwe na la kukisia.

Nanyi, Mhariri, ukurasa wa afya mnao kila wiki. Moshi si mbali. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Mtumeni mwandishi akawaulize. Waonyeshe picha za mkunjo ulioshikwa na fangasi kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu vitabu husema "wekundu" na kwetu wekundu hauonekani, panakuwa peusi zaidi au rangi ya zambarau, na mtu anadhani ni uchafu anazidi kusugua. Waulizeni ni dawa ipi ya kupaka iwepo kwenye kila zahanati. Waulizeni mgonjwa wa kisukari achunguzwe mikunjo yake mara ngapi kliniki, kama anavyochunguzwa miguu. Na mtu mwenye kilo 120 anayeingia leo kliniki kuanza safari ya kupungua, waulizeni aambiwe nini kuhusu ngozi yake kabla hajapanda mizani.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga.
(Jina na anwani tunavyo – Mhariri)