Rehema, naomba mashine yako wikiendi moja

Shosti wangu,

Za Dar? Huku wazima, mama yuko Kongwa, mtama kashavuna anakusalimia sana. Najua nimekaa kimya toka Pasaka, nisamehe, kuna kitu kimenimeza.

Ile programu ya kupiga hesabu ya hali ya hewa ya sayari za mbali, ExoPlaSim, laptop imeshindwa nayo. Betri imekufa, umeme ukikatika saa nane usiku basi kazi yote imeondoka. Nataka miaka 50 ya humo ndani ili joto litulie, mi nimeishia wa 12, mara tatu sasa, juzi nililia kabisa.

Sayari yenyewe ni Proxima Centauri b, iligunduliwa 2016, iko miaka ya nuru 4.2 tu na mwaka wake ni siku 11 na kitu. Inadhaniwa upande mmoja unaitazama nyota yake muda wote, huku mchana tu, kule usiku tu. Ukisikia hivyo unasema nani ataishi hapo? Lakini modeli, yaani programu kama hii yangu, zinaonyesha kama kuna bahari, pale jua linapokaa utosini mvuke unapanda unakuwa mawingu mazito, yanarudisha mwanga juu, kunapoa, na upepo unabeba joto kupeleka gizani.

Mawingu Rehema! Unakumbuka baridi ya huku mwezi wa saba, usiku nyota zote nje, joto la mchana lote linapotelea juu? Likitanda wingu tu unapata ahueni. Yaani wingu lilelile mchana kivuli, usiku blanketi. Sasa programu inakata sayari vipande vipande, kwa Dunia yetu kwenye ikweta kimoja ni kama kilomita 600, Dodoma na Dar tunaweza kuingia humohumo, wingu litaonekana wapi? Linakadiriwa kwa fomula. Wataalamu walishazipa modeli nne sayari ileile moja, TRAPPIST-1e, na kilichozitenganisha zaidi ni hayohayo mawingu. Ndo maana siwezi kuirun mara moja nikasema panakalika, nataka nirudie na hewa ya ukaa kidogo, kisha nyingi, nione wingu linafanyaje.

Ile mashine yako ya kueditia video bado ipo? UPS yake inashika? Nikija na SGR Ijumaa naweza kuiacha inachapa kazi mpaka Jumapili, au una harusi ya kushuti? Zai kashajifungua? Mtoto gani? Na zabibu nibebe kilo ngapi?

Wako,
Mwajuma