Msiwapeleke watoto kusaka majini usiku

Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita msomaji mmoja alisifu mtindo huu mpya wa vijana kuwachukua watoto usiku kwenda "kusaka majini" magofuni na makaburini, huku wakirekodi kwa simu. Alisema ni mchezo tu, unamkomaza mtoto na kumtoa woga. Mimi nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 31, naishi Gede, pwani ya Kenya, si mbali na magofu ya mji wa kale wa Waswahili, na naandika kumpinga. Sina chuki naye. Nadhani hajawahi kumulikwa na tochi hizo.

Mwezi uliopita, yapata saa tatu usiku, nilisikia makelele ya watoto njiani. Nilipotoka niliwakuta kama 15 hivi, mkubwa wao hazidi miaka 13, wakiongozwa na vijana wawili wenye simu na taa kali. Walikuwa wamezunguka ukingo wa magofu kumtafuta jini, wakamkosa. Wakarudi kwa njia ya mashambani, na huko wakamkuta hawe, kama tunavyowaita bibi zetu huku Ugiriamani, amejitanda leso nyeupe akirudi kutoka msalani. Mmoja akapiga ukelele: "Huyo!" Wenzake wakaokota mawe.

Jiwe moja lilimpata begani. Jingine liligonga mlango alipokwisha kuingia na kukomea. Miongoni mwa waliorusha alikuwemo mjukuu wangu mwenyewe, ana miaka tisa. Asubuhi nilipomuuliza imekuwaje ampige mawe mtu anayempa maembe kila msimu, alinijibu huku akilia: "Babu, nilikuwa natazama miguu, kama ina kwato. Uso sikuuona."

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Mtoto huyu si mkatili. Alifundishwa na wakubwa kwamba usiku ule kuna kitu cha kusakwa, akapewa fimbo na tochi, akaambiwa atazame miguu. Na jini hakamatiki. Kundi lililotoka na mori likamkosa halirudi nyumbani mikono mitupu, litampata mtu. Na mtu huyo karibu kila mara huwa yule asiye na wa kumtetea: kikongwe anayeishi peke yake, mgonjwa wa akili, mgeni asiyejulikana kwao, mlevi aliyelala kando ya njia.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka habari za Popobawa, pepo wa Zanzibar aliyesemekana kuwavamia watu usiku vyumbani mwao. Mwaka 1995 hofu ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Watu wazima, wenye akili zao, walihama vyumbani wakalala nje kwa makundi, wakikoka moto na kukesha. Siwacheki, hofu ile ilikuwa ya kweli kwao. Lakini mwaka huohuo mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa Unguja na umati ulioamini kwamba ndiye Popobawa mwenyewe. Popobawa hakukamatwa. Aliyekufa ni binadamu.

Asije mtu akaniambia hayo ni ya kwetu Waafrika. Septemba 1954, katika mji wa Glasgow kule Scotland, askari polisi aliitwa kwenye makaburi makubwa ya mtaa wa Gorbals. Aliwakuta watoto kwa mamia, wengine wadogo kabisa, wameshika visu na vijiti vilivyochongwa, wakimsaka mnyonya damu mwenye urefu wa futi saba na meno ya chuma. Walisema amekwisha kuwala wavulana wawili. Nyuma ya makaburi kulikuwa na kiwanda cha chuma, na moshi wake na mwanga mwekundu wa tanuri uliwafanya waone vivuli kila upande. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliwakemea, mvua nayo ikanyesha, wakatawanyika, kisha usiku uliofuata wakarudi tena. Wakubwa walizilaumu hadithi za picha za kutisha kutoka Marekani, na mwaka 1955 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzuia machapisho ya aina hiyo yasiuzwe kwa watoto.

Mimi naliangalia jambo jingine. Katika mji mzima hapakuwa na mvulana hata mmoja aliyepotea. Watoto mamia kwa mamia walishika visu kabla yeyote hajauliza: waliopotea ni akina nani, wa nyumba gani? Najiuliza ingekuwaje kama usiku ule mzee mrefu wa meno mabovu angekuwa amekuja kulizuru kaburi la mkewe.

Sisi wa Kilifi hatuna haja ya kuwazia. Hapa kwetu wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi mvi zao zikiwa ndiyo ushahidi na shamba likiwa ndiyo sababu. Wako waliokimbia makwao wakaenda kuishi mahali pa kuhifadhiwa, mbali na watoto waliowazaa. Mtoto aliyezoea tangu miaka tisa kummulika mzee gizani na kupiga kelele "Huyo!" atakuwa wapi akifika ishirini, siku wajomba zake watakapoanza kunong'ona kuhusu shamba la bibi? Swali hili ndilo linaloniondolea usingizi, kuliko jini yeyote.

Msomaji yule atasema mimi sina imani na mambo ya ghaibu. Hapana. Nimelelewa na watu walioamini, na naheshimu walichoamini. Ndiyo maana nashangaa hasa. Wazee wetu hawakuwahi kuwasaka majini. Ukipita penye mzimu ulipiga hodi, ulipunguza sauti, na mtoto alikatazwa kupiga mluzi au kutupa mawe pale. Waliotoa sadaka walitoa, waliofukiza ubani walifukiza, na kila mmoja alishika njia yake kabla ya giza. Adabu ilikuwa ndilo somo la kwanza. Sasa anayeamini anapeleka watoto wakamtukane yule anayemwamini, na asiyeamini anawapeleka watoto wa wenzake kuwatia kiwewe kwa ajili ya picha. Sioni upande unaonufaika hapo.

Kuhusu ushujaa, nimewaona watoto baada ya usiku ule. Mjukuu wangu alikojoa kitandani siku nne mfululizo, jambo aliloacha zamani. Mwingine hataki tena kwenda kuchota maji jioni bila kusindikizwa. Tena magofuni mna visima virefu vya kale, mna kuta za matumbawe zilizolegea, mna nyoka aina ya bafe wanaolala kwenye majani makavu. Mtoto anayekimbia huku ametazama nyuma havioni vitu hivi.

Lakini sitaki mtu anielewe kwamba watoto wasiyakaribie magofu. Nawatakia wayajue kuliko sisi. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimbua Gede mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kama kuna mtu anamtazama kutoka nyuma ya kuta. Alihisi kile wanachokihisi watoto wetu. Naye hakukusanya watu wenye fimbo. Alichimba mchana, kwa subira, kwa miaka kumi, akawapata waliokuwa wakiishi mle: misikiti yao, visima vyao, vyoo vyao, bakuli zao za kauri kutoka China. Leo nyumba mle ndani zinaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Fedha za Kichina. Liko kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Nimewahi kuwapeleka darasa la sita pale, na mtoto aliyekuwa akisumbua kuliko wote alisimama mbele ya kaburi lile kimya, kisha akaniuliza, "Mwalimu, na mamake alilia?" Huyo alikuwa amemkuta mfu kweli, na alimkuta kama mtu.

Mwaka 2024 UNESCO imeiingiza Gede katika orodha ya urithi wa dunia. Nawaomba wa Makavazi ya Taifa wawafungulie watoto wa vijiji vinavyozunguka, walau Jumamosi moja kwa mwezi, bila kiingilio, wakiwa na mtu wa kuwaeleza. Walimu wastaafu tupo, na mimi najitolea. Kwa wazazi wenzangu ombi langu ni fupi: mtoto anapoaga jioni kwamba anakwenda na vijana fulani, uliza wanakwenda kufanya nini huko. Mimi sikuuliza.

Mjukuu wangu nimempeleka kwa hawe kuomba radhi. Alimsamehe, akamshika kichwa, akampa embe. Lakini mpaka leo hafungui mlango likishakuchwa jua, hata nikibisha mimi jirani yake wa miaka mingi, mpaka nitaje jina langu mara mbili.

Video ya usiku ule bado imo mtandaoni. Watu wanaitazama na kucheka. Uso wa hawe unaonekana waziwazi, na wakati unapoonekana amekwisha kupigwa. Kijana aliyeiweka anasoma gazeti hili, maana namwona nalo pale dukani. Namwomba, kwa heshima ya bibi yake mwenyewe, aiondoe.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Gede, Kilifi