Riesling si lazima iwe na sukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nisahihishe makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu mivinyo ya Ulaya, ambayo iliihesabu Riesling miongoni mwa mivinyo mitamu bila kueleza zaidi. Nahisi kosa limeanzia katika lugha yetu wenyewe, kwani neno "tamu" tunalitumia kwa chai iliyozidi sukari na kwa pilau iliyokolea viungo, na anayeambiwa kuwa mvinyo fulani ni mtamu hawezi kujua amesifiwa ladha au ametahadharishwa kuhusu sukari.

Riesling ni jina la zabibu nyeupe, ambayo tayari ilitajwa katika hati ya mwaka 1435 huko Rüsselsheim, Ujerumani. Ninapoishi, katika bonde la mto Mosel, mzabibu huu hupandwa kwenye miteremko mikali yenye mawe meusi ya sileti, ambayo hufyonza joto la jua mchana na kulirudisha usiku. Msomaji aliyezoea zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, atashangaa kwamba hapa mzabibu hulala majira yote ya baridi na kuzaa mara moja tu, na kwamba mara nyingi Riesling huvunwa mwezi Oktoba, wakati zabibu nyingine nyingi zimekwisha kukamuliwa. Kwa sababu hukomaa polepole, tena katika usiku wenye baridi, hujikusanyia manukato ya tufaha, ndimu na pichi bila kupoteza uchachu wake.

Sukari ni uamuzi wa mtengenezaji. Akiiacha hamira iile karibu sukari yote na kuigeuza kileo, mvinyo huwa mkavu, na chupa huandikwa "trocken". Akiusimamisha uchachukaji mapema, sukari hubaki na kileo hupungua. Kwa hiyo, chupa ya Mosel yenye kileo cha asilimia 8 kwa kawaida ina sukari ya kutosha, ilhali yenye asilimia 12 aghalabu ni kavu. Ipo pia Eiswein, ambayo zabibu zake huvunwa zikiwa zimeganda, kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi, na hiyo kweli ni sukari tupu.

Makala ilidai vilevile kwamba harufu ya mafuta ya taa ni dalili ya mvinyo ulioharibika. Kwetu, ambako uchakachuaji unafahamika, shaka hiyo naielewa, lakini katika Riesling iliyokaa chupani miaka kadhaa harufu hiyo hutokana na zabibu zenyewe, hasa zilizopata jua kali, na wapo wanaoilipia fedha nyingi.

Ningeomba, basi, makala zijazo ziandike "wenye sukari" au "mkavu", na neno "mtamu" libaki la kusifia.

Msomaji wenu,
Trier, Ujerumani