Kauchu Imegusa Dari: Ikatwe Wapi, na Lini?

Kuanzia mwezi wa nane simu tunazopigiwa sisi watu wa maua zinafanana: "Njooni muone, ua limefika ku plafo." Mara nyingi anayepiga ni mama mwenye nyumba, mara nyingine baba aliyechoka kuinamisha kichwa kila anapopita kwenda chumbani. Na ua lenyewe, mara nyingi, ni ile fikusi ya majani mapana yanayong'aa ambayo Lubumbashi nzima inaiita kauchu. Ilinunuliwa ikiwa fupi, ina majani machache, ikawekwa kwenye kona ya saloni karibu na televisheni. Sasa ncha imegonga dari na kupinda, majani ya chini yameanguka, na kilichobaki ni fimbo ndefu yenye shada la majani juu kabisa.

Swali linalofuata tunalijua: "Tuipunguzie maji, isiendelee kukua?"

Tafadhali, hapana. Kiu haifupishi mti. Kauchu ikikosa maji inaanza kutupa majani ya chini ili kuokoa ncha, na ncha ndiyo inayowasumbua. Mtapata fimbo ileile, tupu zaidi. Urefu wa kauchu ya ndani unashikwa kwa sekateri (mkasi wa kukatia matawi) na kwa ukubwa wa chungu, halafu mwanga ndio unaoamua kama itakuwa nene au itakonda. Maji ni ya kuiweka hai tu.

Ni vizuri kujua mnaishi na nani. Kwa wataalamu jina lake ni Ficus elastica, na kwao ni misitu ya kaskazini-mashariki mwa India kushuka hadi Malaysia na Java. Huko inapita mita 30. Katika jimbo la Meghalaya, India, wanavijiji wanaielekeza mizizi yake juu ya mito mpaka inashikana na kuwa daraja la kupitia watu. Mti unaobeba watu juu ya mto hauwezi kuonea haya dari yenu. (Wazee wengine hutuuliza kama huu ndio mpira wa wakati wa Leopold, yule mfalme wa Ubelgiji. Sio. Ule wa Kongo ulitoka hasa kwenye mitambaazi ya msituni, jamii ya Landolphia, na mpira wa asili wa matairi ya leo unatoka kwa Hevea, mti wa Brazili. Kauchu ya saloni ina utomvu pia, lakini kazi yake kwenu ni kuchafua kapeti.)

Tuje kwenye kukata, maana hapo ndipo watu wanapoharibu.

Angalieni ncha ya kauchu yenye afya: kuna kitu chekundu, chembamba, kimechongoka. Hiyo ni ala inayofunika jani changa. Jani likifunguka, ala inakauka na kuanguka, na ndani yake nyingine imeshaanza. Ncha hiyo inateremsha homoni kwenye shina, na homoni hiyo inavizuia vichipukizi vya pembeni visiamke. Ndiyo sababu kauchu inapanda moja kwa moja bila tawi. Ukiondoa ncha, amri inaisha, na vichipukizi vilivyo chini kidogo ya pale ulipokata vinaamka. Kimoja, viwili, pengine vitatu.

Someni tena: chini kidogo ya pale ulipokata. Matawi mapya hayatoki sakafuni, yanatoka kwenye jeraha. Mtu anayeionea huruma kauchu yake anakata kipande cha kiganja kimoja tu chini ya dari. Baada ya mvua chache ana ncha mbili zinazogonga dari badala ya moja, na anatupigia akisema kukata hakufai. Kukata kunafaa, ila alikata juu mno. Sisi tunakata kwenye usawa wa kifua, na kwenye vyumba vya dari ya chini tunashuka hadi kiunoni. Wateja wanashtuka, hasa wakiona tunakata sehemu isiyo na jani hata moja. Lakini kwenye shina tupu kuna alama za mviringo, pale majani ya zamani yaliposhikia, na juu ya kila alama kuna kichipukizi kilicholala. Mizizi ikiwa mizima, kitaamka. Kata juu ya alama kidogo, kama sentimita moja, kwa kisu au sekateri iliyopanguswa na alkoli.

Maziwa yatatiririka. Tandazeni gazeti au bashi (turubai) kabla hamjaanza, pangusa jeraha kwa kitambaa chenye maji baridi mpaka likauke, na msiguse macho. Utomvu unawasha ngozi ya watu wengine na haufai kuingia mdomoni mwa mtoto wala wa mbuzi. Kwenye shati haufutiki kirahisi.

Wakati ni jambo kubwa hapa kwetu. Vitabu vya Ulaya vinasema mwezi wa tatu au wa nne, na huko ni kweli, ndipo joto linaporudi. Lubumbashi joto linarudi mwezi wa tisa na wa kumi, na mvua zinakuja nyuma yake. Huo ndio wakati wa kukata. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Katanga una baridi kali, mmea umelala. Ukikata, shina litakaa kama kijiti mpaka mwezi wa tisa, na likimwagiliwa kama kawaida mizizi itaoza. Wakati huohuo ondoeni chungu kwenye barza usiku. Kauchu haipendi kushuka chini ya nyuzi 10, na majani yanayodondoka mwezi wa saba mara nyingi yameuawa na baridi ya barza, wala si ugonjwa.

Kile kipande cha juu msikitupe, hasa kama ni kirefu. Tunapendelea kukifanyia markoti kabla ya kukata, yaani kukiotesha mizizi kikiwa bado juu ya mti. Tunachagua sehemu ya shina, tunaondoa pete ya gome yenye upana wa sentimita mbili hadi tatu kuzunguka shina lote, tunakwangua ule utando wa kijani wa chini yake, kisha tunazungushia konzi ya unga wa mbao uliooza na kulowekwa, ukakamuliwa usichuruzike. Juu yake plastiki inayoonyesha ndani, imefungwa kwa kamba juu na chini. Wakati wa joto, baada ya mwezi mmoja hadi miwili mnaona mizizi myeupe ikisukumana nyuma ya plastiki. Hapo tunakata chini ya furushi na kupanda: mnapata kauchu ya pili iliyokamilika, na ile ya kwanza inaanza kutoa matawi. Kuna watu wanaochoma jani moja kwenye glasi ya maji na kusubiri mti. Jani litatoa mizizi, litakaa zuri muda mrefu, lakini kama halina kipande cha shina chenye kichipukizi, halitakuwa mti kamwe.

Chungu sasa. Kila chungu kikubwa mnachonunua ni ruhusa ya kupanda juu. Kama bado mnataka ikue, ongezeni kipenyo kwa sentimita tatu hadi tano, basi. Chungu kikubwa mno kinabaki na maji ambayo mizizi haifikii, na udongo unachacha. Kama imeshafika kimo mnachotaka, irudi kwenye chungu kilekile. Kila baada ya miaka miwili au mitatu tunaitoa, tunakata robo ya mizizi ya nje, ile iliyojizungusha ukutani mwa chungu, tunaweka udongo mpya na kuirudisha. Hii ni kazi ya mwezi wa tisa na wa kumi pia, na tunapokata mizizi tunapunguza majani, ili mizizi iliyobaki iweze kuyalisha.

Kuhusu udongo: ule wa kichuguu, mzuri sana kwa matofali, ni mbaya peke yake kwenye chungu. Unashikana, ukikauka unapasuka, ukilowa haupitishi hewa. Changanyeni udongo wa bustani, samadi iliyooza kabisa, mchanga mkubwa na vipande vidogo vya makala (mkaa). Na ndoo ya rangi ya ukuta itobolewe chini kabla ya kupandwa kitu, hata kama ni nzuri.

Halafu kuna ure, ile mbolea ya mahindi. Kila msimu wa kupanda mtu anarudi kutoka shambani na kiganja kimoja kimebaki, anaona afadhali akimwage kwenye chungu. Ure ina asilimia 46 ya nitrojeni. Ama itaunguza mizizi, ama itasukuma shina jembamba lenye majani yaliyoachana mbali, yaani kileile mnachokikimbia.

Mwanga mdogo nao unafanya hivyohivyo: mmea wa kona ya giza unajinyoosha kuutafuta. Usogezeni dirishani. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo wakati wa kiangazi jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na dirisha la kaskazini ndilo linalopata jua. Ushauri wa mitandao ya Kifaransa wa "dirisha la kusini" umeandikwa kwa ajili ya Ulaya. Geuzeni chungu robo mzunguko kila wiki, na panguseni lile vumbi jekundu la barabarani kwa kitambaa chenye maji. Jani lililofunikwa na vumbi liko gizani hata likiwa dirishani.

Suluhisho moja hatulifanyi hata tukilipwa: kuhamishia kauchu nje parselini, pembeni ya ukuta, "ikae huko ipumue". Itapumua kweli. Mizizi yake itatafuta fosi septiki (shimo la maji machafu), itainua sementi ya uwanja, itapasua ukuta wa jirani, na hapo hamtaita mtu wa maua tena, mtaita fundi mwashi na chefu wa avenyu. Kama parseli ni kubwa kweli, tutawaonyesha mahali palipo mbali na nyumba na mabomba.

Monstera, drasena na difenbakia zinakatwa kwa kanuni hiyohiyo ya juu ya kifundo, pale jani linaposhikia shina, ila kwa difenbakia vaeni glavu.

Mkitaka tuje, tumeni picha tatu kwa WhatsApp: mmea mzima mtu mmoja akiwa amesimama pembeni, udongo ulivyo juu ya chungu, na dirisha lililo karibu. Bei inategemea kimo na idadi ya watu wa kubeba chungu. Tunaitaja kabla ya kufika, na bashi la kutandaza tunakuja nalo. Markoti inahitaji tuje mara mbili, zote ziko ndani ya bei moja. Anayetuita mwezi wa sita au wa saba tutakuja kuangalia na kumwandika kwenye orodha ya mwezi wa tisa, lakini sekateri tutaiacha nyumbani.