Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeniomba muziki wa majira ya joto

Mdogo wangu,

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Dhumuni la barua hii ni kujibu ile sauti uliyonitumia WhatsApp: umepata nyumba yenye uwanja nyuma huko Ohio, joto limefika, unataka kuchoma nyama na kualika majirani, na hujui upige muziki gani ambao Wabongo wenzako, Wamarekani na yule mzee wenu Mkongo watausebeneka wote bila mmoja kununa. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wenye shida kama yako ni wengi.

Piga Off the Wall ya Michael Jackson. Yote, kuanzia wimbo wa kwanza.

Najua utaniambia nyimbo zake unazijua. Unazijua mbili, zile za redioni na za harusini. Albamu ina nyimbo 10, dakika 40 na ushee, na nimekuwa nikiisikiliza miaka mingi nikijiuliza kwa nini haichoshi wakati muziki mwingi wa kuchangamka unachosha kabla mkaa haujashika. Jibu langu ni kwamba furaha yake ilitengenezwa na mafundi, tena mafundi waliolelewa na soul na jazi, watu waliojua lini kupiga na lini kunyamaza.

Kumbuka ilitoka lini. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, sanduku zima la santuri za disko lililipuliwa katikati ya uwanja kuonyesha chuki ya muziki huo, kati ya mechi mbili za siku hiyo. Mashabiki wakavamia uwanja na mechi ya pili haikuchezwa. Watu wakasema disko limekufa. Haujaisha hata mwezi, tarehe 10 Agosti, kijana ambaye hajatimiza miaka 21 anatoa santuri ya kucheza kuanzia mwanzo, na wimbo wa kufungia kauita Burn This Disco Out. Ama ni ujasiri, ama hakuwa anasoma magazeti.

Haikuzama, na ukiisikiliza vizuri utajua sababu. Disko nyingi za wakati ule zilikuwa ngoma moja inayogonga vilevile mwanzo mpaka mwisho, na vinanda vimemwagwa juu yake. Hapa mpiga ngoma ni John Robinson, aliyetoka bendi ya Rufus, ile ya Chaka Khan, na mkono wake unapumua. Besi ya Get on the Floor ni ya Louis Johnson, aliyekuwa akizipiga nyuzi kwa kidole gumba mpaka akaitwa Thunder Thumbs. Huo wimbo waliutunga pamoja yeye na Michael, na kuna mahali Michael anacheka. Tarumbeta amezipanga Jerry Hey: zinaingia, zinakata, zinatoka. Hakuna anayekaa muda mrefu kuliko alivyoalikwa.

Aliyewakusanya wote ni mtayarishaji wa albamu, Quincy Jones, aliyekutana na Michael wakati wa filamu ya The Wiz. Epic, kampuni iliyokuwa ikitoa santuri za Michael, walikuwa na wasiwasi kwamba mzee ni mtu wa jazi mno kwa kazi ya pop. Mtu aliyewahi kuwapangia muziki Count Basie na Frank Sinatra wakamwona hatawaweza vijana wa disko! Michael akashikilia msimamo, na hilo ndilo jambo ambalo mimi namheshimu kwalo kuliko kuteleza kwake kinyumenyume.

Halafu kuna Rod Temperton. Huyu ni Mwingereza kutoka Cleethorpes, mji wa pwani ambako bahari yenyewe ni ya baridi, na kabla ya muziki kumlisha aliwahi kufanya kazi kiwanda cha samaki wa kugandishwa pale Grimsby. Ndiye aliyeandika Rock with You. Nakuomba uupige huo wimbo na kulifikiria hilo: wimbo laini kuliko yote ya albamu, wa kucheza umeegemea bega la mtu, umetungwa na mtu aliyewahi kushinda na samaki wa barafu. Aliandika pia wimbo wenye jina la albamu, na ule wa kufungia.

Utacheka kwamba anayekushauri mambo ya majira ya joto amevaa sweta. Julai ya Arusha unaijua. Lakini hata Rock with You ulishika namba moja Marekani Januari 1980, wao wakiwa kwenye theluji na Dar ikichemka kwa kaskazi. Hizi nyimbo hazijawahi kuwa na hesabu ya kalenda.

Wewe wa shifti za usiku nakuchagulia Working Day and Night, aliouandika mwenyewe. Jamaa analalamika kwamba mpenzi wake anamfanyisha kazi usiku na mchana, na malalamiko yenyewe yanaimbwa kwa mwendo wa mtu anayelikimbilia daladala la mwisho. Pumzi zake na milio ya mdomo wake vimekuwa sehemu ya ngoma. Ukiusikia kwenye spika mbovu ya simu unazikosa, kwa hiyo azima spika ya maana.

Nyimbo nne za kwanza, yaani upande mzima wa kwanza wa santuri, ni za kucheza, hakuna pa kukaa. Upande wa pili unaanza kwa kasi ileile kisha unapoa. Girlfriend, alioutunga Paul McCartney, kwangu ndio dhaifu kuliko yote. Ni mtamu, ila hauna mfupa. Baada yake unakuja She's Out of My Life, wa Tom Bahler, ambao Michael alikuwa akilia kila alipofika mwisho wa kurekodi, mpaka Quincy akaamua kilio kibaki humo. Usiuruke. Wageni wataenda kujaza sahani, na wale walioachwa hivi karibuni utawajua.

Kisha I Can't Help It. Ameutunga Stevie Wonder na Susaye Greene, na kinanda chake kina zile sauti za jazi zisizojulikana zinaelekea wapi mpaka zimefika. Kama ningeruhusiwa kubaki na mmoja kati ya hizo 10, ningechukua huu, na najua wengi watanipinga.

Albamu hii ilimfanya Michael kuwa msanii wa kwanza anayeimba peke yake, bila kundi, kuingiza nyimbo nne za albamu moja kwenye kumi bora za Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani. Grammy iliyopata ni moja tu, ya uimbaji wa kiume wa R&B, na inasemekana jambo hilo lilimuuma moyoni. Ndipo akarudi studio na Quincy yuleyule na Temperton yuleyule, wakatoa Thriller. Lakini uwanjani kwako usiichanganye na Thriller. Ile ina mazimwi na ugomvi wa mtoto ni wa nani. Ipige giza likiingia, watoto wakishalala.

Basi washa mkaa kwanza, na nyama ikishaanza kudondosha mafuta bonyeza. Niandikie mzee wa Kikongo alisimama wimbo wa ngapi. Mimi naweka dau Get on the Floor, na mama, baada ya kunisomesha barua hii kwa sauti, anasema hafiki huko, atasimama kwa ule wa kwanza.

Ni mimi dada yako,
Arusha