Mabua ya mpunga wa Usangu ndiyo malisho ya Oktoba, tusiyachome

Mhariri,

Kuanzia Juni hadi Agosti, moshi unaotanda upande wa bonde la Usangu, Mbarali, ni wa mabua ya mpunga. Mkulima akishavuna anataka majaruba yake yawe meupe, na kiberiti ndiyo njia ya haraka. Ikifika Oktoba, ng'ombe wa bonde hilohilo wanainuliwa kwa mkia asubuhi kwa sababu hawana nguvu ya kusimama wenyewe. Chakula chao kiliungua Julai, mbele ya macho yetu.

Zamani kiangazi kikikaza, mifugo ilishuka Ihefu. Tangu 2008 sehemu kubwa ya ardhioevu ile imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na Mto Ruaha Mkuu wenyewe, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu 1993 hukauka kiangazi katika kipande cha hifadhini. Mvua nazo zikichelewa, majani mapya hayaonekani hadi karibu na Krismasi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wa mvua za Msimu husaidia, lakini kwa kawaida hutoka mwishoni mwa Oktoba, wakati mabua yameshakuwa majivu na ng'ombe ameshakonda kiasi kwamba mnadani hana bei. Kwa hiyo uamuzi wa mfugaji ni wa Juni, kabla mtu yeyote hajajua mvua itakuwaje.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ng'ombe wetu wa kienyeji wa kilo 250 hula takriban kilo 6 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 540 kwa siku 90. Eka moja ya mpunga uliozaa vizuri hutoa tani moja ya mabua na zaidi. Basi eka moja inavusha ng'ombe wawili kwa miezi mitatu. Mwenye ng'ombe 100 hatapata eka 50, na hapaswi kuzitafuta. Achague wa kuwalisha: majike yenye mimba, yanayonyonyesha, na maksai watakaolima Desemba. Wazee, tasa na madume ya ziada wauzwe Juni au Julai wakiwa bado wamenona. Najua kuuza kundi kunauma, hasa kwa mtu ambaye ng'ombe ndio benki na heshima yake. Lakini anayengoja hadi Novemba anauza ngozi.

Mabua makavu peke yake hujaza tumbo tu. Protini yake ni asilimia 4 hivi, na vijidudu vya tumboni haviwezi kuyasaga vizuri. Dawa yake ni mbolea ya urea, ileile ya mifuko ya kilo 50. Usitumie CAN, DAP wala NPK. Kwa kila kilo 100 za mabua, yeyusha kilo 4 za urea katika ndoo tatu za lita 20, ukoroge mpaka usione chembe. Chimba shimo la mita 2 kwa 2, kina mita moja na nusu, mahali pasipotuama maji, na utandike karatasi ya nailoni chini na pembeni. Panga mabua tabaka la kiganja na nusu, nyunyiza kwa keni ya kumwagilia, kanyaga, panga tena. Shimo kama hilo hubeba takriban kilo 500. Funika kwa nailoni, kisha weka udongo juu na kandokando pasibaki hata tundu. Usangu subiri wiki tatu. Kwenye baridi ya Mufindi, Njombe au Uporoto, subiri nne hadi tano, maana kazi hii inaendeshwa na joto.

Ukifungua, harufu ikupige puani na machozi yakutoke. Mabua yawe laini, ya rangi ya kahawia iliyokolea. Ukikuta ukungu mweupe au mweusi na hakuna harufu kali, hewa iliingia: hiyo sehemu tupa, usimpe mnyama. Toa ya siku moja tu, yaanike kivulini tangu jioni ili kesho yake harufu iwe imepungua. Anza kwa robo ya mlo, uongeze kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

Hapa ndipo watu wanapoteza mifugo, wakarudi kusema urea ni sumu. Wananyunyizia urea kavu juu ya mabua na kulisha siku hiyohiyo, au wanaacha ndoo yenye maji ya urea wazi na ng'ombe mwenye kiu anayanywa. Ndani ya saa moja anatetemeka, tumbo linavimba, povu linamtoka, anaanguka. Siki lita 2 hadi 4 pamoja na maji baridi mengi inaweza kumwokoa ikiwahi, lakini mara nyingi haiwahi. Ndama wa chini ya miezi sita wasipewe kabisa, punda vilevile.

Mfuko mmoja wa urea unatosha kilo 1,250 za mabua, yaani ng'ombe haohao wawili kwa kiangazi chote na akiba kidogo. Pima gharama hiyo na bei ya jike moja lililokufa na mimba.

Anayeshindwa kununua urea akusanye mabua hata hivyo. Sanduku la mbao lisilo na kitako, la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, na kamba mbili za katani, linatoa robota la kilo 15 hadi 20 kulingana na ulivyoshindilia. Robota halipeperuki, linahesabika, na linapanda kwenye mkokoteni. Liweke juu ya magogo, chini ya paa, mbali na mchwa. Ongezea pumba laini za mpunga au mashudu ya alizeti, na chumvi. Pumba laini, nasema, maana mashineni kuna wanaosaga maganda na kuyachanganya. Maganda hayana lishe. Ukitia kiganja mdomoni na likakukwaruza kama mchanga, umeuziwa maganda.

Jambo moja halisemwi vya kutosha: mnyoo wa ini. Konokono wa mifereji ya mpunga humtoa, naye hujishikiza kwenye shina karibu na maji. Ng'ombe anayeachiwa kwenye majaruba mabichi anakula na mnyoo, na Oktoba anakonda ijapokuwa analishwa. Kwa hiyo kata mabua kiganja kimoja juu ya ardhi, yakauke kwa jua kabla ya kufunga, na afisa mifugo aulizwe dawa inayoua mnyoo wa ini hasa, kwa sababu si kila dawa ya minyoo inamfikia.

Wafugaji wenye asili ya Usukuma hawahitaji kufundishwa kutunza malisho. Ngitili wanaijua: eneo linafungwa wakati wa mvua, linafunguliwa kiangazi, kipande kwa kipande. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986 uliisaidia kurudi kwa nguvu. Kinachokosekana huku ni ardhi ya kijiji iliyotengwa rasmi kwa kazi hiyo, na mabua yanaweza kuziba pengo wakati hilo likisubiriwa.

Ombi langu ni kwa serikali za vijiji vya Mbarali na vya ukanda wa Pawaga na Idodi, Iringa. Mkutano mkuu wa kijiji upange mambo matatu: siku ambazo hakuna kuchoma baada ya mavuno, bei ya mabua kwa eka ili mkulima naye apate chake, na njia ya mkokoteni isiyokata matuta ya majaruba. Halmashauri nayo impe kila afisa mifugo nailoni na mfuko mmoja wa urea achimbe shimo la mfano hadharani. Mavuno yanaanza Mei. Mkutano ukiitishwa Aprili, muda unatosha.

Msomaji wako,
Rujewa, Mbarali