Lipeni kupima kwanza, spea zifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo linaloniuma siku nyingi, na najua hapa Dodoma siko peke yangu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 mji umejaa gari kubwa za kifahari zilizokula umri, Discovery 3, Range Rover za miaka ya 2000, Land Cruiser VX zile za series 100, BMW X5, na ukipita magereji ya Kizota au Majengo unazikuta zimepaki pembeni zimekaa chini, vumbi jekundu limejaa kwenye vioo, majani yameota chini ya matairi. Kila anayepita anasema hizo gari ni mkosi, ukinunua umejitafutia umaskini. Mi nasema hapana. Nyingi kati ya hizo zimeuawa na mafundi kubahatisha na wenye gari kukubali kubahatishiwa.

Nina Discovery 3 ya dizeli, ile V6 ya 2.7, na naipenda kweli. Shamba langu la zabibu liko Mpunguzi, barabara ya Iringa, ukishaacha lami ni mchanga na makorongo, na mavuno ya kwanza yanaangukia Februari na Machi wakati makorongo yana maji. Unabonyeza swichi gari inanyanyuka, inavuka taratibu na makreti yako nyuma, zabibu zinafika mjini hazijapondeka. Kwa hela niliyonunulia nisingepata gari nyingine inayofanya hivyo na bado Jumapili ukapanda nayo na mama kwenda kanisani amekaa vizuri kiti cha ngozi.

Ila watu waelewe hesabu yake kabla ya kulipa. Gari hii ikiwa mpya ilinunuliwa na mtu mwenye hela ndefu, imezunguka miaka kumi na tano au zaidi, bei yake imeshuka mpaka mtumishi wa kawaida au mzee aliyepata kiinua mgongo anaimudu. Bei ya gari imeshuka, bei ya spea haijashuka hata kidogo. Pampu ya dizeli ya gari ya thamani kubwa itabaki kuwa pampu ya gari ya thamani kubwa hata kama gari yenyewe umeipata kwa bei ya kutupa. Kwahiyo ukimaliza hela yote kwenye kununua ukabaki na ya mafuta tu, ujue hapo ndo shida inaanzia, na dalali hatakwambia.

Sasa nieleze hiyo saspensheni ya upepo maana ndo inaua nyingi. Kwenye gari kama yangu hakuna springi ya chuma, kila tairi imebebwa na mfuko wa mpira uliojaa upepo, kompresa moja inajaza yote minne, na kila kona kuna sensa inayoiambia kompyuta gari iko juu kiasi gani. Mpira ukizeeka unafanya nyufa kwenye mikunjo, jua na vumbi la huku havisaidii, upepo unavuja kidogo kidogo, asubuhi unakuta gari imelala kona moja. Unawasha, kompresa inajaza, upepo unatoka, inajaza tena, siku nzima ni kazi hiyo hiyo mpaka inapata moto na kuungua. Yaani kompresa inakufa kwa sababu ya mpira, halafu watu wanabadilisha kompresa na mpira wanauacha pale pale.

Ndicho kilichonipata. Gari ilianza kulala mbele kulia, nikaipeleka gereji moja hapa mjini, fundi akawasha, akasikiliza, akasema mzee kompresa hiyo imekwisha agiza nyingine. Ikaja used kwa basi kutoka Kariakoo, ikafungwa, haikumaliza muda ikaungua, dashibodi ikaandika nisizidi kilomita 50 kwa saa, nikatoka shamba mpaka mjini malori yananipita. Fundi akasema uliyoletewa ni mbovu, agiza tena. Hakuna sehemu yoyote kwenye hayo yote ambapo mtu alilala chini ya gari akaangalia upepo unatokea wapi!

Aliyeimaliza ni kijana mmoja ana laptopu na chombo chake cha kupimia. Kwanza akasoma gari imeandika nini, akanionyesha sensa zote nne ziko sawa, shida ni muda ambao kompresa inautumia kujaza. Hakuagiza kitu. Akaomba maji na sabuni ya kuoshea vyombo, akatia kwenye chupa ya kupulizia, akanyanyua gari mpaka juu kabisa akaanza kupuliza kona moja moja. Nyuma kimya. Mbele kushoto kimya. Mbele kulia povu likaanza kuota kwenye mkunjo wa chini wa mpira, vipovu vidogo vidogo kama maji ya chai yanayotaka kuchemka, ukifuta vinarudi pale pale. Akasema baba shida yako hii hapa. Kisha akafungua ile kompresa ya kwanza niliyokuwa nimeiweka stoo, akanionyesha zile punje nyeupe zinazokausha unyevu wa upepo, zilikuwa zimesagika zimekuwa unga na unga wenyewe umeingia mpaka kwenye vali. Akabadilisha punje, akabadilisha ringi ya pistoni, akasafisha vali, tukanunua mpira mpya wa kona ile, kompresa ya zamani ikarudi kazini na mpaka naandika barua hii gari inalala imesimama.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu kila nikikaa na wenye gari za namna hii nakuta hadithi ni ile ile, spea tu ndo inabadilika. Mwenye VX ya 100 yenye mfumo wa kupanda na kushuka wa mafuta anaambiwa ng'oa weka springi za kawaida, wakati pengine ni mafuta yenyewe hayajawahi kubadilishwa tangu gari iingie nchini au yale mabuyu yake, vile vitungi vya chuma vyenye gesi, yamekwisha gesi. Sikatai springi, kuna mtu bajeti yake ni hiyo na gari inatembea. Lakini ufanye hivyo baada ya kujua kilichokufa ni nini.

Au betri. Gari hizi zina kompyuta nyingi, umeme ukipungua kidogo zinaanza kulalamika zote kwa pamoja, mara taa ya giaboksi, mara saspensheni, mara hendibreki, unakuta mtu anaambiwa kontrol boksi imekufa anaanza kutafuta ya milioni na kitu, na hakuna aliyepima betri. Kupima betri ni dakika tano jamani.

Kuna na mambo ya kimya ambayo hayawashi taa yoyote. Injini hii ya 2.7 ina mikanda miwili, wa mbele wa taimingi na mwingine mdogo nyuma unaozungusha pampu ya dizeli, na mafundi wengi wa huku wanabadilisha wa mbele wanafunga kazi. Kitabu kinasema maili 105,000 au miaka 7, kipi kitangulie, na hiyo ni kwa barabara za Uingereza, sio za Mpunguzi. Ukiwa na gari ya 2006 na huna risiti ya mkanda, chukulia haujabadilishwa. Giaboksi nayo wanakwambia oili yake ni ya maisha haiguswi, wakati ZF wenyewe walioitengeneza wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Hendibreki ya umeme inapiga kelele kwa sababu ya vumbi, ifunguliwe isafishwe na kusetiwa, basi.

Lawama sitaki ziende kwa mafundi peke yao, hilo lisemwe. Fundi akisema nataka elfu hamsini ya kupima tu, bosi anaruka, hujashika hata spana unataka hela ya nini, anahama anaenda kwa anayepima bure kwa masikio. Huyo wa bure lazima ale kwenye spea, na kwenye spea ndo utalia. Mtu aliyenunua chombo cha kupimia kwa hela yake na anakaa usiku kusoma mchoro wa waya wa gari lako anafanya kazi, alipwe kama fundi yeyote. Na fundi ambaye gari imemzidi aseme imenizidi, nitakuonyesha mwenzangu. Mi huyo namheshimu zaidi na gari zangu nyingine nitampelekea.

Ombi langu kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ni kozi fupi za jioni au Jumamosi kwa mafundi ambao tayari wako magereji, waliojifunza kwa mikono miaka mingi, wasiolazimika kufunga gereji ndo wasome, wafundishwe kusoma kompyuta ya gari, kupima sensa kwa mita, kufuata mchoro wa umeme. Wana vichwa vizuri sana, wengi wao injini wanaishusha na kuirudisha macho yamefumbwa, kinachokosekana ni hicho tu. Serikali iko hapa na magari yake, watumishi wako hapa na ya kwao, kazi haitakosekana. Na anayetaka kununua, kabla hujaweka saini nenda na mtu mwenye chombo, muiache gari ilale usiku mmoja muione asubuhi imesimamaje, ulizeni risiti za matengenezo, muuzaji akikasirika muacheni na gari lake.

Mwisho Mhariri, kama kuna fundi yeyote wa Dodoma, Singida au Manyoni anayefufua kompresa za saspensheni au anayejua vizuri mifumo ya VX, naomba umpe nafasi hapa hapa kwenye ukurasa huu aandike anafanyaje na anapatikana gereji ipi, maana juzi tu nimekutana na mzee mstaafu pale Nzuguni ameambiwa auze lake kama skrepa, na nilipoliangalia limelala kona moja tu ya nyuma.

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma